Vijiti vya Alhamisi

Kila Alhamisi, shule ikifungwa mapema,
Bergdís huvuka daraja hadi jikoni kwangu,
na kisu kidogo cha babu yake, ala yake imeshonwa upya,
na vijiti vya aiskrimu alivyoviosha mwenyewe.
Ana miaka tisa. Mimi hamsini na nne.
Mwalimu ni yeye.

"Shangazi, usichonge mlalo."
Herufi hizi hazina mstari uliolala:
kisu kikifuata nyuzi za mti, mti huimeza alama.
Basi kila kitu husimama, au huinama kidogo.
Kama watu wa bonde hili, nikasema.
Hakucheka. Alinirekebisha kidole gumba.

Ya kwanza ni fé.
"Mali," anasema, kama anayesoma bei dukani.
Kwetu Aislandi neno ni hilo hilo, kondoo na pesa,
na mwalimu wake shuleni kawaambia
kwamba wa kale waliiogopa: huingia nyumba moja
ikatoka na nyumba mbili.
Kisha ananyamaza, maana ni binti wa kaka yangu.

Kondoo sitini na wawili.
Tuligawana kaburi la baba likiwa bichi,
wenye ncha ya sikio iliyokatwa, wa Thorgils,
wenye pengo ubavuni mwa sikio, wangu.
Konde la nyasi kando ya mto halikugawika.
Miaka sita linajikauka lenyewe.

Twende haraka. Úr ni manyunyu.
Thurs ni jitu, lina kitambi mbele
kama karani wa posta, tunakubaliana.
Kaun ni jipu: hii anaipenda mno,
ameichonga mara saba, na anataka kuona
kovu la jipu langu shingoni. Namwonyesha.
Hagall ni mvua ya mawe,
na papo hapo bati la paa likaanza kupigwa.
"Umeona?" akasema, kana kwamba ameiita.

Kwenye naudh nilikwama wiki mbili.
Dhiki. Fimbo imesimama, nyingine ndogo inaikata kiunoni.
Nikasema hii naijua, hii usinifundishe.
"Hapana, shangazi. Sugua."
Akachukua vijiti viwili akavipekecha,
ulimi nje, mashavu mekundu, mpaka vikanuka.
Moto haukutoka.
Lakini palipogusana palikuwa na joto;
alinibandika pale shavuni nipate kusadiki.

Íss ni mstari mmoja, basi.
Barafu. Hakuna iliyo rahisi zaidi.
Mimi na Thorgils tumeichonga miaka sita
bila kuinua kisu.

Leo tulifika madhur.
Mtu: fimbo iliyoinua mikono miwili.
Mtu ni watu, nikajisemea, huku nikipuliza unga wa mti.
Nilikuwa nimeipatia. Hata yeye aliitikia kwa kichwa.
Kisha akakigeuza kijiti, kichwa chini.
"Sasa ni ýr. Mti wa kuchongea upinde."
Herufi ile ile?
"Ile ile. Inategemea umeshika wapi."

Kahawa yangu ilikuwa imeota ngozi juu.
Nilimwomba kijiti kingine, safi,
nikachonga hiyo moja, polepole,
mikono yote miwili na shina lake,
nikajikata kidogo, nikafuta damu kwa aproni.
Mpelekee baba yako.
"Niseme nini?"
Usiseme kitu.
"Basi tia nukta, ajue juu ni wapi."

Nilifungua mdomo.
Gari likapiga honi ng'ambo ya mto,
gari ambalo halijawahi kuvuka daraja lile,
naye tayari keshavaa buti, la kulia mguu wa kushoto,
amekitumbukiza kijiti mfukoni
pamoja na glavu moja, ganda la chungwa, ufunguo wa baiskeli,
anakimbia kwenye theluji ya majimaji, mfuko unarukaruka,
na mle ndani hakuna juu wala chini.